Ndege za Vita vya Pili kwa mbao: shajara ya karakana

Januari, oda inaingia

Mwalimu wa historia wa sekondari moja hapa Tanga ameniletea kazi ambayo haifanani kabisa na vitanda na makabati niliyozoea: ndege maarufu za Vita Kuu ya Pili, za kuning'iniza darasani. Masharti yake mawili. La kwanza, zote ziwe kwa uwiano mmoja, 1 kwa 72, ili mwanafunzi akiinua macho aone ndogo ni ndogo kiasi gani mbele ya kubwa. La pili, kila ndege iwe na kadi ya maneno machache, na kadi hiyo tuiandike pamoja. "Fundi, wewe utaniambia ilivyoundwa, mimi nitakwambia ilichofanya." Tukapatana bei, akaacha malipo ya awali, nikaanza kutafuta michoro.

Orodha tuliyoanza nayo: Spitfire, Messerschmitt Bf 109, Zero, Mosquito, Lancaster, Mustang na B-29. Nilitaka pia Il-2 ya Warusi, maana ziliundwa zaidi ya 36,000 na hakuna ndege ya kivita iliyowahi kuifikia idadi hiyo, lakini Mwalimu alisema bajeti haivuki hapo. Tutaona.

Viwiliwili nitachonga kwa msufi, mwepesi na haupigani na patasi. Mabawa yatakuwa ya mvule, kwa sababu bawa jembamba la msufi likidondoka mara moja limekwisha.

Januari, mwishoni: Spitfire na mpinzani wake

Nimeanza na hizi mbili kwa pamoja, na sijutii, kwa sababu moja inaifafanua nyenzake. Spitfire ina mabawa ya mita 11.23, kwa hiyo kwangu ni sentimita 15.6. Bf 109 ya mwaka 1940 ni mita 9.87, sawa na sentimita 13.7. Zikikaa mezani pamoja unaona kuwa ile ya Kijerumani ni kainjini kakubwa kalikofungwa mabawa.

Bawa la Spitfire ndilo kila mtu analolijua, lile la duara refu. Nilidhani ni urembo tu mpaka nilipoanza kulichonga. R. J. Mitchell na wenzake pale Supermarine, kampuni iliyoiunda, walitaka bawa jembamba sana kwa ajili ya mwendo, unene wake asilimia 13 ya upana pale shinani na pungufu zaidi kule nchani. Lakini jeshi lilitaka bunduki nane ndani ya bawa hilohilo, na magurudumu nayo yajikunje humo humo. Umbo la duara linaliacha bawa likiwa pana kwa urefu mkubwa zaidi kabla halijapungua, kwa hiyo nafasi inapatikana bila kunenepesha. Gharama yake aliibeba fundi. Hakuna ukingo hata mmoja ulionyooka wa kuwekea rula, na viwanda vya nje vilivyopewa kazi ya mabawa hayo mwanzoni vilihangaika na kuchelewa. Mimi mwenyewe nimetengeneza vipimo vya bati, kimoja kwa kila sentimita ya bawa, na kila baada ya kupitisha tupa nakipachika kimoja kuona kama mwanga unapenya. Ndege ya kwanza iliruka tarehe 5 Machi 1936. Mitchell alifariki mwaka uliofuata kwa saratani, hakuziona zaidi ya 20,000 zilizofuata.

Willy Messerschmitt alifikiri vingine kabisa. Bawa lake lina kingo zilizonyooka, na miguu ya magurudumu ameifunga kwenye kiwiliwili, si kwenye bawa. Maana yake ni kwamba mafundi wa uwanjani wanaweza kung'oa bawa zima ndege ikiwa imesimama kwa miguu yake, na bawa lenyewe halihitaji kubeba uzito wa kutua. Ni akili ya mtu anayefikiria karakana. Lakini miguu inayoanzia kiwiliwilini inakuwa imekaribiana, imepanuka kwa nje, na ndege nyingi sana za aina hii ziliharibika katika kupaa na kutua bila adui yeyote kuzigusa. Kwenye mfano wangu huo mguu ni waya wa baiskeli. Hata kwa uzito huu mdogo, ukiisukuma mezani inayumba.

Kwenye kadi nilitaka jambo moja liingie. Injini ya Merlin ya Spitfire ilitumia kabureta yenye kielea, na rubani akiinamisha pua ghafla, mafuta yalikatika na injini ikakohoa. Mjerumani alikuwa na mfumo wa kunyunyizia mafuta moja kwa moja, kwa hiyo akiona Mwingereza nyuma yake, yeye aliinamisha pua na kwenda zake. Tatizo hilo lilipunguzwa mwanzoni mwa 1941 na mhandisi mwanamke, Beatrice Shilling wa kituo cha utafiti wa ndege cha Farnborough, ambaye pia alikuwa dereva wa mashindano ya pikipiki. Alibuni kizuizi kidogo cha shaba chenye tundu, kinachopachikwa kwenye njia ya mafuta bila kuitoa injini. Mwalimu aliposikia akafuta nusu ya aliyokuwa ameandika. "Huyu lazima wasichana wangu wamjue."

Februari: Zero

Sasa nimezoea kuiuliza kila ndege swali moja kabla sijagusa ubao: walioiunda walikubali kukosa nini? Zero inajibu waziwazi kuliko zote.

Jeshi la majini la Japani lilitaka ndege ya kurukia kwenye meli, yenye mwendo, wepesi wa kugeuka, mizinga miwili, na uwezo wa kwenda mbali sana. Injini iliyokuwepo ilikuwa na nguvu za farasi kama 940 tu. Jiro Horikoshi wa Mitsubishi akabaki na njia moja, kupunguza uzito kila mahali. Bawa lote, kutoka ncha hadi ncha, na sehemu ya mbele ya kiwiliwili viliundwa kama kitu kimoja, ili kusiwe na bolti na vifungo vizito vya kuunganisha bawa na mwili. Mkia ndio uliokuja kufungwa nyuma ya chumba cha rubani. Kwa hiyo mimi nami nimelichonga bawa lake kwa kipande kimoja cha mvule cha sentimita 16.7, kisha msufi nikaukatia mfereji ukalikalia juu. Katika zote, hii ndiyo iliyounganika haraka kuliko nyingine. Ukiishika unaelewa alichokuwa anatafuta.

Alichokosa ni deraya nyuma ya kiti cha rubani, na matangi yanayojiziba yenyewe yakitobolewa. Mwaka 1940 na 1941 hilo halikuonekana, kwa sababu wachache waliweza kuilenga. Ilikuwa na uwezo wa kwenda karibu kilomita 3,000 ikiwa na tangi la ziada, na Wamarekani waliposhambuliwa Pearl Harbor tarehe 7 Desemba 1941 walikuta wanapigana na ndege ambayo hawakutegemea. Mwaka 1942 wakaipata moja iliyoanguka karibu nzima kwenye kisiwa cha Akutan, Alaska, wakaitengeneza, wakairusha, wakajua udhaifu wake. Baadaye risasi chache zilitosha kuiwasha moto. Japani iliendelea kuiunda hadi mwisho, zaidi ya 10,000, na marubani wazoefu hawakurudi kwa idadi hiyo.

Rangi: kijivu chenye ukijanikibichi kidogo. Nimechanganya mara kadhaa na bado Mwalimu anasema inafanana na ukuta wa hospitali. Imebaki hivyohivyo.

Machi: Mosquito, kazi ya maseremala wenzangu

Hapa nimekaa kuliko ilivyopangwa, na sitaomba radhi.

Kampuni ya de Havilland ilipopendekeza ndege ya mabomu ya mbao, isiyo na bunduki hata moja, yenye watu wawili tu, wakubwa wengi wa wizara waliona ni mzaha. Hoja ya Geoffrey de Havilland ilikuwa kwamba alumini itakuwa adimu vita ikikolea, ilhali maseremala na viwanda vya samani watakaa bila kazi. Na kuhusu bunduki, kila mnara wa bunduki unaleta mpiga risasi, mpiga risasi analeta uzito, uzito unaleta injini kubwa na mafuta zaidi, na mwisho umepata ndege nzito inayohitaji kulindwa. Yeye alitaka kuondoa vyote hivyo na kuiacha ikimbie. Ilianza kuruka tarehe 25 Novemba 1940 pale Hatfield, na kwa muda ilikuwa miongoni mwa ndege zenye mwendo mkali kuliko zote angani. Tarehe 30 Januari 1943, Göring, mkuu wa jeshi la anga la Ujerumani, alipokuwa ahutubie redioni Berlin, Mosquito chache zilifika mchana kweupe na kuivuruga hotuba yake.

Ile ndogo ya 1 kwa 72 nimeimaliza, sentimita 22.9. Lakini nilimwomba Mwalimu ruhusa ya kuongeza nusu ya kiwiliwili kwa uwiano mkubwa zaidi, 1 kwa 16, ili wanafunzi waone ndani. Akakubali bila kuongeza hela.

Wenyewe walifanya hivi. Walikuwa na kalibu mbili, ya kushoto na ya kulia, za mahogani au zege, zenye umbo la nusu ya mwili wa ndege iliyopasuliwa kwa urefu kama samaki. Juu ya kalibu walitandaza plaiwudi nyembamba ya mti wa birchi, wakapaka gundi, wakapanga vipande vya balsa, mti mwepesi sana kutoka Ecuador, wakapaka tena gundi na kufunika kwa plaiwudi nyingine. Juu yake wakakaza kwa mikanda ya chuma mpaka gundi ishike. Kila nusu ikitoka kwenye kalibu ilikuwa wazi, kwa hiyo mafundi walisimama mbele yake wakafunga nyaya, mabomba na vyombo kwa raha. Baadaye ndipo nusu mbili zikaunganishwa. Waliofanya kazi za namna hii ni pamoja na viwanda vya samani vya High Wycombe, mji wa watengeneza viti. Mwisho ndege yote ilivalishwa kitambaa chembamba cha pamba na kupakwa dawa ya kukikaza.

Kalibu yangu ni ya mninga, urefu sentimita 78. Badala ya birchi natumia vinia, badala ya balsa vipande vya msufi vya milimita mbili. Unene halisi kwa uwiano huo ungekuwa chini ya milimita moja, jambo ambalo siliwezi, kwa hiyo kadi itasema kwamba ukuta umenenepeshwa makusudi. Mikanda ya chuma nimeibadilisha na mipira ya tyubu ya baiskeli iliyokatwa mirefu. Inabana vizuri ajabu, na inafuata mviringo bila kuacha alama. Kitambaa ni bafta ya kawaida ya sokoni.

Aprili: masika na gundi

Mvua imekaa. Karakana ina unyevu kiasi kwamba msasa unajikunja wenyewe, na hii imenipa nafasi ya jaribio nililolitaka.

Mosquito za kwanza ziligandishwa kwa gundi ya kaseini, inayotokana na maziwa. Hiyo inapenda ukavu; unyevu ukiingia, ukungu nao unafuata. Baadaye wakahamia gundi ya kemikali yenye fomaldehaidi. Ndege hizi zilipopelekwa India na Burma zikakutana na jua na mvua za huko, na mwishoni mwa 1944 kukatokea ajali zilizofanya zisimamishwe kuruka wakati mabawa yanakaguliwa. Wakakuta sehemu zilizoachia. Sehemu ya lawama iliangukia viungo ambavyo havikukaa sawasawa tangu kiwandani, penye mwanya ambao gundi ilijaza badala ya kubana mbao mbili. Fundi yeyote wa pwani anaijua habari hiyo. Gundi haijazi pengo, inashikisha nyuso mbili zilizokutana.

Nimegandisha vipande vya msufi na vinia kwa gundi nyeupe ya dukani na vingine kwa epoksi, nikavitundika chini ya paa la makuti ambako mvua inarusha. Vya gundi nyeupe vimeanza kuvimba kingoni, unaingiza kucha. Vya epoksi viko imara, ila vile tu vilivyobanwa ipasavyo. Kipande kimoja nilikiacha makusudi na mwanya na kimeachia pale pale penye mwanya. Vipande hivi vyote vitaenda darasani. Vijana washike wenyewe.

Mei: Lancaster, na Mustang kwa haraka

Mustang haikuchukua muda. Waingereza waliiagiza Marekani mwaka 1940, ikaja na injini isiyofaa kwa juu, mwaka 1942 ikawekwa Merlin ileile ya Spitfire, na kuanzia Machi 1944 ikawa inasindikiza ndege za mabomu hadi Berlin na kurudi. Kabla ya hapo Wamarekani waliamini ndege zao za mabomu, B-17 zenye bunduki nyingi, zitajilinda zenyewe. Tarehe 14 Oktoba 1943 walituma 291 kwenda Schweinfurt, Ujerumani, 60 hazikurudi. Ninachokipenda kwenye kadi ya Mustang ni matangi ya ziada yaliyotengenezwa Uingereza kwa karatasi iliyoshindiliwa kwa gundi. Yalikaa na petroli saa chache tu kabla ya kulainika, na saa chache ndizo zilizohitajika.

Lancaster ni sentimita 43 na imejaza meza. Roy Chadwick wa Avro alianza na ndege ya injini mbili, Manchester, ambayo injini zake za Vulture zilikufa hovyo. Akarefusha mabawa, akaweka Merlin nne, na ndege mbaya ikazaa ndege nzuri: iliruka Januari 1941, zikaundwa 7,377. Siri yake iko tumboni. Chumba cha mabomu ni kimoja, kirefu kama mita 10, hakina kizuizi katikati. Ndiyo maana ndege hii iliweza kubeba vitu ambavyo mhandisi hakuvifikiria, mpaka bomu la karibu tani 10. Chuma kikuu cha bawa kilipaswa kupita mahali fulani, kwa hiyo kilipita juu ya chumba hicho, ndani ya njia ya watu. Mtu aliyevaa nguo nzito na mwavuli wa kurukia alilazimika kukipanda gizani, ndege ikiwa inaanguka. Nimeacha mlango wa tumbo wazi na upande mmoja wa mwili bila ukuta ili hilo lionekane.

Tulibishana kuhusu kadi. Mimi nilikuwa nimeandika habari za usiku wa 16 kuamkia 17 Mei 1943, ndege 19 zilizokwenda kuvunja mabwawa ya Ujerumani chini ya Guy Gibson, nane zikapotea na watu 53. Mwalimu alisoma akauliza, "Na waliokuwa chini ya bwawa, fundi?" Walikufa zaidi ya elfu moja, wengi wao wafungwa na vibarua wa kulazimishwa, wakiwemo wanawake kutoka Ulaya Mashariki waliofungiwa kambini. Hao nao wameingia kwenye kadi. Wameingia pia marubani na wenzao wa Bomber Command wenyewe, kikosi cha ndege za mabomu cha Uingereza, 55,573 waliokufa kati ya watu kama 125,000.

Juni: B-29

Sentimita 59.8 kwa upana. Hakuna ubao mmoja wa mvule ulionitosha bila fundo, nimeunga katikati ya kiwiliwili na kupitisha msumari wa mpingo. Mradi wa ndege hii uligharimu dola kama bilioni 3, zaidi ya mradi wa bomu la atomiki wenyewe. Watu wake walikaa kwenye vyumba vyenye hewa iliyoshindiliwa, wakaruka juu bila barakoa. Injini ziliharakishwa mno na zilikuwa zikishika moto. Tarehe 18 Februari 1943 moto wa injini ulimuua rubani mkuu wa majaribio, Edmund Allen, na wote aliokuwa nao, pale Seattle.

Nilipouliza swali langu hapa, jibu lilikuwa geni. Hawakukubali kukosa chochote: mbali, juu, mzigo, bunduki za kuongozwa kwa mbali, vyote. Kisha Machi 1945 jenerali Curtis LeMay akaziondolea bunduki nyingi na kuzishusha chini, usiku. Usiku wa kuamkia tarehe 10 zaidi ya 300 zilipelekwa Tokyo na mabomu ya moto. Kilomita za mraba zipatazo 41 ziliungua na watu wapatao 100,000 wakafa, mji wa nyumba za mbao. Nimechonga mbao miezi yote hii, na sehemu hiyo niliisoma nikiwa nimesimama.

Ndege tuliyoichagua ni Enola Gay, iliyoruka kutoka kisiwa cha Tinian, Pasifiki, tarehe 6 Agosti 1945 ikiongozwa na Paul Tibbets na kudondosha bomu Hiroshima. Kwa mchongaji hii ni rahisi kuliko B-29 nyingine, kwa kuwa minara ya bunduki ya juu na chini iliondolewa ili kupunguza uzito, ikabaki ya mkiani. Mgongo wake ni laini kabisa, unapitisha msasa bila kusimama.

Kadi yake ndiyo tuliyoiandika kwa muda mrefu kuliko zote, kwa sababu Mwalimu alileta jambo ambalo mimi sikuwa nalo. Sehemu kubwa ya uranium ya mradi ule wa Marekani ilitoka mgodi wa Shinkolobwe, Katanga, Kongo, jirani na Likasi, kwa watu wanaozungumza Kiswahili. Mwaka 1940 Edgar Sengier, mkuu wa kampuni ya Union Minière, alihamisha tani kama 1,200 za mawe hayo hadi ghalani Staten Island, New York. Yalikuwa na utajiri usio na kifani, mengine yakifika asilimia 65. Marekani ilipoyahitaji mwaka 1942 iliyakuta tayari yako mlangoni kwake. Wachimbaji Wakongo walioyatoa ardhini kwa mikono hawakuambiwa yanakwenda wapi. Mwalimu anataka ramani ndogo chini ya ndege hii, yenye mstari kutoka Likasi.

Juni, hali ya kazi

Zilizokamilika na kupakwa vanishi: Spitfire, Bf 109, Zero, Mosquito zote mbili, Mustang. Lancaster inasubiri panga za injini mbili za kulia. B-29 imegandishwa, imebanwa kwenye jiriwa, haiguswi mpaka Jumatatu.

Oda imeongezeka moja. Babu yake Mwalimu alikuwa KAR (King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza huku kwetu), katika Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki iliyoteremka bonde la Kabaw, Burma, katika mvua za 1944. Ndege aliyokuwa akiisimulia ilikuwa ya mizigo, Dakota, iliyodondosha chakula na risasi kwa miavuli pale ambapo barabara ilikuwa tope. Haina bunduki wala bomu, lakini Mwalimu amesema ikae katikati ya chumba, na hela yake analipa mwenyewe. Mabawa mita 29.1, kwangu sentimita 40.4. Msufi upo. Mvule nafuata Muheza wiki ijayo, na nikipata ubao wa kutosha nitajaribu tena kumshawishi kuhusu Il-2.